La Crescent inavumilia baridi ya Minnesota kweli, ila ujipange na asidi yake

Swali limetoka kwa dada mmoja mzaliwa wa Hombolo, Dodoma, kwao ni wakulima wa zabibu toka enzi za babu. Sasa hivi anaishi nje kidogo ya Minneapolis, jimbo la Minnesota huko Marekani, yeye na mume wake wamenunua nyumba ina kama nusu eka ya wazi kwa nyuma. Anauliza hivi: nasari moja (kitalu cha kuuza miche) wamemwambia kuna zabibu nyeupe ya mvinyo inaitwa La Crescent, inavumilia mpaka nyuzi 35 chini ya sifuri bila kufunikwa na kitu, je ni kweli au ni maneno ya kuuzia miche? Kama ni kweli kwa nini zile za nyumbani zisiweze, na je akiletewa pingili za Makutupora, ile zabibu nyekundu ya Dodoma, ajaribu kidogo kuna ubaya? Halafu mvinyo wake ukoje, utafanana na ule mweupe wa Dodoma?

Dada yangu, nimefurahi sana kwa hili swali, maana wenzetu wengi walioko huko wanadhani kilimo cha zabibu wamekiacha airport siku walipoondoka. Hujakiacha. Na ndiyo, nasari hawajakudanganya, La Crescent inavumilia kiasi hicho na hata zaidi kidogo ikiwa imeingia kwenye baridi ikiwa na afya. Kwa vipimo vya hapo ulipo, nyuzi 35 chini ya sifuri ni kama 31 chini ya sifuri kwa Farenhaiti. Tarehe 30 Januari 2019 airport ya Minneapolis walisoma 28 chini ya sifuri kwa Farenhaiti, na kuna mashamba ya La Crescent maeneo hayo hayo yalipita hapo yakazaa mwaka huo huo. Kwa hiyo swali la kufa au kutokufa naomba uliweke pembeni. Kitakachokusumbua na hii zabibu ni Septemba, siku unapima juisi yake ukakuta asidi iko juu kuliko zabibu yoyote uliyowahi kugusa. Na hayo mambo mawili, kuvumilia baridi na asidi kali, yametoka kwa mzazi mmoja, ndo maana nataka nikueleze kwanza ukoo wake, ukiuelewa huo mengine yote yatakaa sawa.

Kuna mzabibu wa porini unaitwa riparia, ukitembea kando ya Mississippi au mto wowote hapo Minnesota utauona umepanda juu ya miti, una vichala vidogo vyeusi, punje kama pilipili mtama kubwa hivi, ndege wanavipenda. Huo unakwenda mpaka Manitoba kule Kanada na unavumilia hata nyuzi 40 chini ya sifuri (hapo Selsiasi na Farenhaiti zinakutana, namba ni ile ile). Ila onja punje yake, utakunja uso, asidi yake inazidi gramu 20 kwa lita, wakati juisi ya kawaida ya mvinyo mweupe mzuri huwa inacheza kwenye 7 mpaka 9. Upande wa pili kuna vinifera, ndugu wa zabibu zote maarufu za Ulaya, na Chenin ya Dodoma ni huko huko, tamu, ina ladha safi, lakini macho yake mengi (yale machipukizi yanayolala kwenye tawi mpaka msimu ufike) yanakufa kwenye nyuzi 20 mpaka 25 chini ya sifuri. Watu wa nchi za baridi kwa miaka mingi kazi yao imekuwa kuchanganya hizi damu mbili na kuchagua mtoto aliyechukua uvumilivu wa mmoja na ladha ya mwingine, na hilo ni gumu kweli kweli kwa sababu mtoto huwa anachukua na yale usiyoyataka.

Aliyefanya kazi kubwa kuliko wote hapo jirani yako ni mkulima mmoja, Elmer Swenson, wa Osceola upande wa Wisconsin, ng'ambo ya mto St. Croix. Mwaka 1943 alianza kuchavusha zabibu kwa mkono kwenye shamba lililokuwa la babu yake, huku anafuga ng'ombe wa maziwa, hakuna aliyemlipa. Baadaye alifanya kazi Chuo Kikuu cha Minnesota na aina zake nyingi zimesambaa, St. Pepin, La Crosse, Brianna, Louise Swenson, Prairie Star, zote nyeupe hizo. Alikuwa anawapa watu pingili bure. Amefariki 2004. Huyu mzee namheshimu sana, na ukionja mvinyo wowote mweupe wa maeneo hayo kuna uwezekano mkubwa mkono wake umo.

La Crescent yenyewe imetolewa na Chuo Kikuu cha Minnesota mwaka 2002. Mama ni hiyo St. Pepin ya Swenson, baba ni mche mwingine wa Swenson uliotokana na riparia na Muscat Hamburg, ambayo ni vinifera. Ukipiga hesabu ya ukoo wote, karibu nusu ni vinifera na zaidi ya robo ni riparia, zilizobaki ni vipande vidogo vidogo vya aina nyingine za Marekani. Sasa ile Muscat ndo iliyoleta harufu. Punje ikiiva inakuwa na rangi ya dhahabu yenye wekundu kidogo upande wa jua, na ukiitafuna unapata aprikoti, ganda la chungwa, nanasi, kama kuna maua hivi. Ule unukio mzito kama wa pipi ambao zabibu nyingi za Marekani zinao na watu wa mvinyo hawautaki, hapa haupo. Mimi kati ya zabibu nyeupe zote za baridi nilizoonja, kwa harufu hakuna inayoifikia hii, na jimbo la Vermont wamelithibitisha hilo vizuri, kuna Deirdre Heekin wa kiwanda cha mvinyo cha La Garagista anatengeneza mvinyo wa La Crescent akiuacha na maganda yake, na wapenzi wa mvinyo wa miji mikubwa wanautafuta.

Sasa kwa nini Makutupora haiwezi. Wewe umekulia shambani kwa hiyo hapa utanielewa haraka kuliko Mmarekani wa kawaida. Dodoma mzabibu hauna msimu wa kulala, mkulima ndo anaupangia, unapogoa, unaweka samadi, maji au mvua vinaingia, macho yanafunguka, baada ya miezi minne mitano unavuna, halafu unapogoa tena, misimu miwili kwa mwaka. Mche haujui kulala kwa sababu haujawahi kuhitaji. Huko ulipo mambo yanaongozwa na urefu wa mchana. Mwezi wa nane siku zinapozidi kufupika, mche wenye damu ya riparia unaisoma ile dalili, unaacha kurefuka hata kama bado kuna joto la kutosha, matawi yanaanza kugeuka kahawia kuanzia chini kwenda juu, ngozi inakuwa ngumu, wanga unageuka sukari, maji yanapungua ndani ya macho. Hayo maji kidogo yanayobaki ndani ya jicho yana tabia ya ajabu, yanashuka chini ya sifuri sana bila kuganda, yanabaki maji tu, mpaka yafike kikomo chake ndo yanaganda ghafla na jicho linakufa hapo hapo. Kikomo cha vinifera ni hicho nilichotaja, cha La Crescent katikati ya Januari ni zaidi ya nyuzi 10 chini yake. Makutupora itakuwa bado inachipua majani mapya mwezi wa kumi, baridi ya kwanza inaikuta laini, itakufa kabla Novemba haijaisha.

Na hizo pingili tafadhali usiletewe. Marekani hairuhusu kuingiza pingili za zabibu bila kibali na karantini, na sababu ni ya msingi, kuna virusi na magonjwa yanasafiri ndani ya mti bila kuonekana kwa macho. Ukikamatwa ni shida, usipokamatwa ni shida kubwa zaidi kwa majirani zako wenye mashamba.

Kupanda je. Nusu eka ingeingia miche zaidi ya 200 kwa nafasi ya mita 2.4 kati ya miche na mita 3 kati ya mistari, ila usijaze. Anza na kama 40 hivi. Mche uliokomaa utakupa kilo 4 hivi, miche 40 ni kilo 160, na hapo unapata kama lita 100 za mvinyo, inatosha sana kujifunzia. Mavuno ya kueleweka ni mwaka wa nne, mwaka wa tatu unapata kidogo, miaka miwili ya kwanza ukiona maua yatoe yote, mche ujenge mizizi.

Sehemu ya kupanda chagua yenye mwinuko hata kidogo na maji yasiyotuama. Hewa ya baridi inatiririka kwenda chini usiku, inakaa mabondeni, kwa hiyo ukipanda kwenye kile kibonde cha mwisho wa uwanja umejitafutia jalidi, ule umande unaoganda asubuhi kama unavyotokea Njombe na Mufindi mwezi wa sita na wa saba. Hapo kuna kitu lazima ukijue kuhusu hizi chotara za riparia: zinaamka mapema. Macho yanafunguka mwisho wa Aprili au mwanzo wa Mei, na Minnesota jalidi inaweza kupiga mpaka katikati ya Mei. Jicho likiwa limelala linavumilia nyuzi 35 chini ya sifuri, likishafunguka na kutoa jani la kijani nyuzi 2 tu chini ya sifuri zinatosha kulichoma. Watu wengi wanapoteza mavuno hapo, wanasingizia baridi ya Januari, kumbe ni asubuhi moja tu ya Mei. Dawa yake rahisi ni kupogoa mara mbili. Mwezi wa tatu unapunguza kidogo tu, unaacha matawi marefu, ya mbele yanaamka kwanza na kuyazuia ya nyuma, halafu hatari ikipungua unarudi kukata kwenye urefu unaoutaka. Kila jicho pia lina vijicho vitatu ndani, cha kwanza kikichomwa cha pili kinakuja, kinazaa kidogo lakini kinazaa.

Kabla hujapogoa fanya hivi, na hii ni kazi ninayoipenda kuliko zote za msimu wa baridi. Kata matawi machache mwezi wa pili au wa tatu, yaweke ndani siku moja mbili, halafu chukua wembe ukate jicho kwa ubapa polepole. Ukiona kijani ni zima, ukiona kahawia au nyeusi limekufa. Kagua macho kama 100 toka miche tofauti. Kama yamekufa machache pogoa kawaida, kama nusu yamekufa acha macho mara mbili ya kawaida, basi. Kwa mche uliokomaa macho 40 mpaka 50 yanatosha. Najua Dodoma tunakata kwa ufupi sana, hapo utaona mkono unakataa kuacha mengi hivyo, lakini La Crescent ina nguvu sana, ukiibana inakutupia majani badala ya matunda.

Nguzo na waya unavijua. Tofauti ni kwamba hii inainamia chini kwa tabia, kwa hiyo waya wa juu mmoja, kwenye mita 1.8, unapeleka mikono miwili kushoto na kulia na matawi yananing'inia yenyewe. Usihangaike kuyasimamisha. Acha mashina mawili kutoka chini badala ya moja, likipasuka moja kwa baridi lingine lipo unaendelea. Na miche ununue yenye mizizi yake yenyewe, isiyobebeshwa juu ya shina jingine, ili hata ikifa mpaka usawa wa ardhi itakayochipua chini ni La Crescent ile ile.

Samadi nenda nayo polepole. Udongo wa maeneo mengi hapo ni mweusi na una chakula kingi, pima kwanza, ukiongeza samadi kama tunavyofanya nyumbani mche unaendelea kukua mpaka Septemba, hauivishi matawi, baridi inaukuta haujajiandaa. Kuanzia mwezi wa nane hata maji usimwagie kama mche umeshakomaa.

Magonjwa sasa, na hapa La Crescent ina udhaifu wa kweli. Majani yake yanashikwa na ubwiri vinyoya kirahisi, yale madoa ya mafuta juu na utando mweupe chini ya jani. Ukiuacha majani yanadondoka Agosti, na mche usio na majani hauweki akiba ya sukari, sasa hapo ule uvumilivu wote niliousifia unapungua. Yaani mtu anaweza kuona mche umekufa kwa baridi Februari wakati kesi ilianza Julai. Piga dawa kabla ya maua na baada ya maua, halafu endelea kufuatilia mvua. Kuoza kweusi nako kupo, okota vichala vilivyokauka uvichome. Ubwiri unga unaushika pia ila kwa kiasi cha wastani.

Mbawakawa wa Japani watakuja Julai, wana rangi ya kijani na shaba, wanakula jani wanabakiza mishipa tu. Watoe asubuhi mapema wakiwa wamezubaa, watikisie kwenye ndoo ya maji ya sabuni. Mitego ile ya harufu inayouzwa madukani usiiweke karibu, inawaita wengi kuliko inaowakamata. Na kuna kitu ambacho hamna mtu atakuambia: dawa za magugu ya mahindi, soya na za nyasi za uani, zile za 2,4-D na dikamba, zabibu inazihisi kuliko mmea karibu wowote. Upepo ukileta kidogo tu majani yanajikunja kama feni na mavuno yanaharibika. Ongea na majirani zako mapema, kwa upole, waambie umepanda zabibu, wengi wao hawajui kabisa.

Tukirudi kwenye asidi. Mwisho wa Septemba hivi, au siku chache za Oktoba ukibahatika, La Crescent inafika sukari ya briksi 24 mpaka 26 (yaani gramu hizo kwa kila gramu 100 za juisi), ambayo kwa zabibu nyeupe ni nyingi, mvinyo unafika asilimia 13 na zaidi. Lakini asidi bado iko gramu 11 mpaka 13 kwa lita, miaka ya baridi inapita hapo. Dodoma joto linachoma asidi ya maliki, moja ya asidi kuu mbili za zabibu, ndani ya punje kabla ya mavuno, ndo maana watengenezaji wa nchi za joto mara nyingi wanaongeza asidi, huko ulipo usiku wa Septemba una baridi na ile asidi inabaki humo humo. Unaweza kusema basi nisubiri zaidi, na kweli kila wiki inapungua, shida ni kwamba hii zabibu ikiiva sana punje zinadondoka zenyewe. Unagusa kichala, nusu inamwagika chini, nyigu wanakuja, ndege nao. Funga nyavu mapema sukari inapoanza kupanda, na siku ya kuvuna weka turubai au vyombo vipana chini ya mstari, usitikise waya.

Kiwandani, yaani kwenye basement yako, kuna njia nne tano za kuishusha na mimi nashauri uchanganye mbili tatu badala ya kutegemea moja. Tumia hamira ya mvinyo inayokula sehemu ya asidi ya maliki, 71B inajulikana kwa hilo. Chachusha kwenye ubaridi, nyuzi 13 mpaka 16 hivi, la sivyo harufu yote ya aprikoti inapotelea hewani. Ukishatulia mvinyo, uweke karibu na sifuri wiki mbili tatu, asidi ya tartariki, ile kuu ya pili, inaganda vipande vya chumvi chumvi vinashuka chini, na gereji yako mwezi wa Novemba inafanya hiyo kazi bure, ila chungulia utabiri wa hali ya hewa, nyuzi zikienda kwenye 6 chini ya sifuri mvinyo unaanza kuganda na chupa kubwa inapasuka. Bikaboneti ya potasiamu inapunguza pia, kwa kiasi kidogo, ukizidisha mvinyo unakuwa na ladha ya chumvi chumvi na unapooza. Wale bakteria wa kugeuza asidi ya maliki kuwa ya laktiki, wanaotumika kwenye mvinyo mwekundu, hapa nakushauri usiwaguse, wanaleta ladha ya siagi inayofunika kila kitu kizuri, na kwa ukali wa hii juisi wenyewe wanapata shida kuishi.

Njia ninayoiamini zaidi ni ya zamani ya Wajerumani, kubakiza sukari kidogo. Unasimamisha uchachushaji kwa baridi kabla haujaisha, au unauacha uishe ukauke kabisa, unausafisha, unautamisha mwishoni ukiwa umeweka salfaiti na sorbati ya potasiamu usije ukaanza kuchacha tena ndani ya chupa, maana chupa zitalipuka. Gramu 15 mpaka 30 za sukari kwa lita kwenye mvinyo mwenye asidi ya 10 huwezi kuuita mtamu, unakuwa umekaa sawa tu, unashuka vizuri na samaki wa kukaanga na pilipili, na hata na kuku wa nazi.

Kwa hiyo kufanana na mweupe wa Dodoma, hapana. Ule ni mpole, una mwili, wa joto. Huu una makali na manukato, uko karibu zaidi na Riesling au Muscat kuliko Chenin ya kwetu. Ukiwakaribisha wazee kutoka nyumbani wanaopenda mvinyo mtamu, wape wenye sukari wataufurahia.

Sasa nikuambie ningepanda nini ningekuwa mimi, maana umeuliza La Crescent peke yake lakini kuna mdogo wake. Mwaka 2017 chuo hicho hicho kilitoa Itasca, jina la ziwa ambako Mississippi inaanzia, mama yake ni Frontenac gris, zabibu nyingine ya chuo hicho. Inavumilia baridi kama La Crescent, inaiva mapema kidogo, majani yake yanapambana na ubwiri wa aina zote mbili vizuri zaidi, na kubwa kuliko yote asidi yake mara nyingi iko chini ya gramu 10. Hapo ndo utaona kazi ya miaka mingi ya kuchagua mche mmoja mmoja, wamefanikiwa kuutenganisha uvumilivu wa riparia na ule ukali wake. Unaweza kutengeneza mvinyo mkavu bila kuhangaika. Harufu yake ni pea, tikiti, maua kwa mbali, imetulia, haikuruki puani kama La Crescent.

Kwa mtu anayeanza, mwenye kazi ya siku nzima na watoto, ningeweka Itasca 25 na La Crescent 15. Itasca ndo mvinyo wako wa uhakika kila mwaka. La Crescent uchachushe peke yake, mwaka ukiwa na jua zuri unajaza chupa zake zenyewe, mwaka ukiwa mgumu unamwaga kidogo kidogo ndani ya Itasca, hata asilimia 10 inaamsha chombo kizima. Zote mbili maua yake yanajichavusha, huhitaji mche mwingine wa kiume, tofauti na St. Pepin ambayo ni jike tupu na usipoipandia jirani haizai.

Itasca bado ina hakimiliki, kwa hiyo kukata pingili ukazalisha miche mwenyewe bila ruhusa ni kosa, nunua nasari yenye leseni na uombe miche ya mwaka mmoja iliyolala, inafika kwako Aprili mwishoni au Mei ikiwa haina jani. Agiza sasa hivi wakati wa baridi, Itasca inawahi kuisha. Na kwa mvinyo wa nyumbani sheria ya Marekani inawaruhusu ninyi wawili, watu wazima wawili nyumba moja, galoni 200 kwa mwaka, kama lita 757, bila leseni yoyote, mradi msiuze hata chupa moja. Kugawia ndugu na marafiki hamna shida. Siku ukitaka kuuza ni habari nyingine, kuna kibali cha serikali kuu na cha jimbo, na vyote viwili vinatakiwa viwe mkononi kabla hujachachusha hiyo juisi ya kuuza.